Maandamano nje ya mkutano mkuu wa chama: mpiga kura aliyeko nyumbani huona nini?

Mleta uzi (Dodoma Mjini)

Ndugu wanajamvi, salamu kutoka makao makuu ya nchi.

Sisi wakazi wa Dodoma tunaujua mkutano mkuu wa chama kwa ukaribu ambao wenzetu wa mikoa mingine hawana. Wiki ya mkutano ikifika, nyumba za wageni hujaa, barabara kadhaa hufungwa, wajumbe waliovaa sare hutembea makundi kwa makundi, na mji mzima husubiri jina litakalotoka ukumbini. Kwa hiyo swali ninalolileta linatuhusu, ingawa mifano yangu mingi itatoka Marekani. Watu wanapoandamana mitaani wakati chama kinateua mgombea wake, je, mpiga kura aliyeketi nyumbani kwake Bahi au Kongwa, akifuatilia habari kwa redio au simu, hubadili mawazo yake? Na akiyabadili, huyabadili kuhusu jambo gani?

Nimechagua Marekani kwa sababu vyama viwili vikubwa vya huko hufanya mkutano wa kuteua mgombea urais kila baada ya miaka 4, maandamano nje ya mikutano hiyo yana historia ndefu, na watafiti wamewahoji wananchi mara nyingi kuhusu walichokiona. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia: maandamano ya namna hii ni nadra kumgeuza mpiga kura kuhusu dai la waandamanaji. Kinachogeuka haraka ni sura ya chama mbele ya wananchi. Kinachogeuka polepole, na mara nyingi bila wananchi wengi kujua, ni kanuni za ndani za chama hicho.

Tuanze na Chicago, Agosti 1968, kwa kuwa kila mjadala wa jambo hili hurudi hapo. Mwaka ule ulikuwa mzito kabla hata mkutano haujaanza. Rais Lyndon Johnson alitangaza tarehe 31 Machi kwamba hatagombea tena, Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili, na Seneta Robert Kennedy, aliyekuwa akiwania uteuzi wa Democratic, aliuawa Juni. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea, na chama cha Democratic kilikuwa kinaelekea kumteua Makamu wa Rais Hubert Humphrey, ambaye hakushiriki kura za maoni hata katika jimbo moja. Vijana waliopinga vita waliona kwamba mlango wa sanduku la kura umefungwa kwao, wakaenda mitaani. Meya Richard Daley aliwanyima karibu vibali vyote, akawapanga askari polisi karibu 12,000, huku maelfu ya wanajeshi wakiwa tayari kuwasaidia, dhidi ya waandamanaji wanaokadiriwa kuwa 10,000 hivi.

Usiku wa tarehe 28 Agosti, mbele ya hoteli ya Conrad Hilton, polisi waliwashambulia waandamanaji kwa virungu na gesi ya machozi kwa muda wa dakika kama 17. Waandamanaji walipaza sauti kwamba dunia nzima inatazama, na kweli ilikuwa inatazama. Tume iliyochunguza tukio hilo, iliyoongozwa na Daniel Walker, iliandika baadaye mwaka huohuo kwamba polisi ndio waliofanya ghasia. Mtu angetarajia kwamba wananchi walioona vijana wasio na silaha wakipigwa hadi kutoka damu wangewahurumia. Haikuwa hivyo. Taasisi ya Gallup ilipowauliza Wamarekani kama wanaafiki namna polisi walivyowashughulikia vijana wale, asilimia 56 waliafiki na asilimia 31 hawakuafiki.

Takwimu hiyo ndiyo kiini cha uzi huu, na naomba tuitazame kwa utulivu. Mwaka 1968 Wamarekani wengi walikuwa wameanza kuamini kwamba kuingia Vietnam lilikuwa kosa, na kwa maana hiyo mamilioni ya watazamaji waliafikiana na waandamanaji kuhusu vita, lakini wengi wao wakaafikiana na polisi kuhusu waandamanaji. Ina maana kwamba mtazamaji hakuwa akijibu swali lililobebwa kwenye mabango. Alijiuliza swali jingine: ni nani anayeharibu utulivu, na je, chama ambacho hakiwezi kuendesha mkutano wake kwa amani kitaweza kuendesha nchi? Mkutano mkuu, kwa mtu wa nje ya chama, ni kama harusi ya jirani: ugomvi ukizuka uwanjani, wageni hawaondoki wakijadili mahari iliyosababisha ugomvi, wanaondoka wakiisema familia.

Familia iliyosemwa mwaka ule ilikuwa ya Democratic. Richard Nixon alikuwa ameteuliwa na Republican huko Miami Beach wiki chache kabla, na ingawa ghasia zilitokea katika mtaa wa Liberty City upande wa pili wa ghuba na watu kadhaa wakauawa, picha hizo hazikuunganishwa na ukumbi wake. Nixon akajenga kampeni yake juu ya sheria na utulivu. Mwisho wa Septemba utafiti wa Gallup ulimpa asilimia 43, Humphrey 28 na George Wallace, aliyegombea nje ya vyama hivyo viwili, 21.

Hata hivyo, wapo wanaosema kwamba Chicago ndiyo iliyomwangusha Humphrey, nami nadhani wanaliweka jambo kirahisi mno. Novemba ilipofika, Nixon alipata asilimia 43.4 na Humphrey 42.7, tofauti ndogo kabisa kwa nchi kubwa kama ile. Kati ya mwisho wa Septemba na siku ya kura Humphrey alikuwa amejitenga kidogo na Johnson kuhusu Vietnam katika hotuba yake ya Salt Lake City, wafanyakazi wa viwandani walioelekea kwa Wallace walianza kurudi, na Johnson akatangaza kusitisha kuipiga Vietnam Kaskazini kwa mabomu. Jeraha la mkutano lilikuwa kubwa, lakini halikuwa la kudumu. Kwa tofauti ya chini ya asilimia moja, kila sababu inaweza kudai kuwa ndiyo iliyoamua, na hapo ndipo wachambuzi wengi huteleza.

Jambo lililodumu lilitokea ukumbini. Wajumbe walewale wa Chicago, katikati ya vurugu, walipitisha azimio la kuunda tume ya kurekebisha taratibu za kuteua wajumbe na wagombea, ambayo hujulikana kama tume ya McGovern na Fraser. Kutokana na kazi yake kura za maoni zilienea majimbo mengi zaidi, wanawake, vijana na weusi wakaongezeka miongoni mwa wajumbe, na tangu hapo imekuwa karibu haiwezekani kwa mtu kuteuliwa na chama kikubwa Marekani kwa njia aliyoipitia Humphrey. Mwaka 1972 George McGovern mwenyewe, mpinga vita, aliteuliwa kwa kanuni hizo mpya. Na wananchi walisemaje? Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50. Kanuni za chama zilikuwa zimegeuka, mpiga kura hakuwa amegeuka nazo.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza (Kisasa)

Nakushukuru, mleta uzi, kwa mada iliyopangwa vizuri. Ningependa kuongeza jambo ambalo umelipita haraka, nalo ni kazi ya televisheni. Mwaka ule mafundi wa mawasiliano walikuwa wamegoma huko Chicago, na hivyo picha za mitaani hazikuweza kurushwa moja kwa moja kwa urahisi, zikapelekwa zikiwa zimerekodiwa. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: mpambano wa Hilton ulionyeshwa wakati hotuba za uteuzi zikiendelea, kwa hiyo mtazamaji aliona mgombea anasifiwa, kisha damu, kisha mgombea tena. Hakuna mpinzani ambaye angeweza kutengeneza tangazo baya zaidi dhidi ya Humphrey.

Watazamaji wengi waliovipigia simu na kuviandikia barua vituo vya televisheni walivilaumu vituo hivyo kwa kuwapendelea waandamanaji. Mtu aliyekwisha kuwachukia waandamanaji hakubadilika kwa kuona picha, bali alimchukia na aliyemwonyesha picha. Kwa hiyo nakuuliza: katika zama hizi ambapo kila mtu ana simu na anachagua mwenyewe video ya kutazama, je, maandamano bado yanafika kwa mtu ambaye hajakwisha kuamua?

Mleta uzi

Ndugu wa Kisasa, swali lako lina uzito, na nitalijibu kwa kutazama namna mikutano ya leo inavyolindwa. Baada ya 1968, na zaidi baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, miji inayopokea mikutano hii imejifunza kuwaondoa waandamanaji mbele ya kamera. Mwaka 2004 mjini Boston walitengewa eneo lililozungushiwa uzio na wavu, chini ya njia ya zamani ya treni. Mwaka huohuo mjini New York, Republican walipokutana Madison Square Garden, mamia ya maelfu ya watu waliandamana siku moja kabla ya mkutano, na katika siku zile zaidi ya watu 1,800 walikamatwa. Jiji lilikuja kulipa fidia ya karibu dola milioni 18, lakini hilo lilikuwa mwaka 2014, wakati George W. Bush alikwisha kumaliza awamu yake ya pili. Mwaka ule wa 2004 alishinda kwa asilimia 50.7.

Tofauti ya New York na Chicago inanifundisha jambo. New York waandamanaji walikuwa wapinzani wa chama kilichokutana, na mtazamaji alilichukulia kuwa jambo la kawaida. Chicago walioandamana walikuwa watu ambao kwa mawazo yao walistahili kuwa ndani ya nyumba ileile. Mtu anayeandamana dhidi ya chama kilicho karibu naye hukiumiza zaidi, kwa sababu anatoa ushahidi wa mgawanyiko. Anayeandamana dhidi ya chama kilicho mbali naye hutoa ushahidi wa jambo ambalo kila mtu analijua tayari.

Mchangiaji wa pili (Mpwapwa)

Mimi ni mwalimu wa Uraia, na ninasoma hoja zako kwa makini, ila ninaona pengo moja ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha nne wangeliona. Unasema kwamba wananchi walioona vijana wakipigwa Chicago waliwaunga mkono polisi. Mbona miaka mitatu tu kabla, tarehe 7 Machi 1965, polisi wa Alabama waliwapiga waandamanaji weusi pale kwenye daraja la Selma, picha zikaonyeshwa, na nchi ikawahurumia waandamanaji? Taasisi ya Harris ilipouliza watu wako upande gani, asilimia 48 walisema upande wa waandamanaji na asilimia 21 upande wa jimbo la Alabama. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilisainiwa tarehe 6 Agosti mwaka huohuo. Virungu ni vilevile, televisheni ni ileile. Kilichotofautiana ni nini?

Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Swali lako ndilo ninalolipenda zaidi katika uzi huu, na jibu lake linahitaji nafasi.

Mtafiti Omar Wasow alichapisha mwaka 2020, katika jarida la American Political Science Review, uchunguzi wa maandamano ya watu weusi Marekani ya miaka ya 1960. Aligundua kwamba maandamano ya amani, hasa yaliposhambuliwa na vyombo vya dola, yaliyafanya magazeti yaandike kuhusu haki za raia, yakawafanya wananchi wazitaje haki hizo kuwa jambo muhimu, na yakaongeza kura za Democratic katika maeneo ya karibu. Maandamano ambayo waandamanaji wenyewe walianzisha fujo yaliyafanya magazeti yaandike kuhusu uhalifu na ghasia, na wazungu wengi wakahamia Republican. Makadirio yake kwa mwaka 1968 ni kwamba fujo hizo ziliwahamisha kati ya asilimia 1.5 na 7.9 ya wapiga kura wazungu. Ukikumbuka kwamba Humphrey alishindwa kwa chini ya asilimia moja, utaona kwa nini utafiti huo ulizua mjadala mkubwa.

Sasa turudi Selma. Waandamanaji wa Selma walivaa nguo zao za kanisani, walitembea kwa safu, walisimama walipoamriwa kusimama, na walidai jambo ambalo mtazamaji wa Ohio au Iowa analo na analithamini, yaani haki ya kupiga kura. Hakukuwa na namna ya kusema kwamba wao ndio walioanza. Chicago kulikuwa na makundi mengi yasiyo na kiongozi mmoja. Wapo waliokuwa na nidhamu kabisa, lakini wapo waliowatukana polisi, wapo waliorusha vitu, na lipo kundi lililomleta nguruwe mjini na kumtangaza kuwa mgombea urais. Kwa vijana wale ilikuwa njia ya kuonyesha kwamba uteuzi wa Humphrey haukuwa na heshima yoyote. Kwa mzee aliyepigana Vita Kuu ya Pili na ambaye mwanawe yuko Vietnam, ilikuwa dharau kwa uchaguzi wenyewe. Baada ya hapo ripoti ya Walker haikuwa na nafasi moyoni mwake, hata ikiwa ilisema kweli, na mimi naamini ilisema kweli.

Ninaongeza kwamba Selma haikuwa mkutano wa chama. Aliyelaumiwa alikuwa serikali ya jimbo. Ukitaka mfano wa nidhamu ya Selma ndani ya mkutano wa chama, rudi Atlantic City, Agosti 1964. Wanachama weusi wa Mississippi walikuwa wameunda chama chao cha Freedom Democratic kwa sababu ujumbe rasmi wa jimbo ulikuwa wa wazungu watupu, wakaja kudai viti. Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa mashambani, aliieleza kamati ya kuhakiki wajumbe namna alivyofukuzwa shambani kwa kujaribu kujiandikisha kupiga kura, na namna alivyopigwa gerezani. Johnson alihofia ushuhuda ule kiasi kwamba aliitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimhamie yeye. Nje, wenzake Hamer walikaa kimya kwenye njia ya mbao ya ufukweni. Walipewa viti viwili tu, wakavikataa. Johnson alishinda Novemba kwa kishindo, kwa hiyo ukipima kwa kura za mwaka ule utasema hawakupata kitu. Lakini chama kiliazimia kwamba kuanzia mkutano unaofuata hakitapokea ujumbe wa jimbo unaowabagua weusi, na mwaka 1968 ujumbe rasmi wa Mississippi ulikataliwa.

Mchangiaji wa tatu (Area D)

Wakuu, naomba tushuke nyumbani kidogo. Mwezi Julai 2015 maandamano yaliingia ukumbini hapahapa Dodoma, kwa njia ya wimbo. Jina la Edward Lowassa lilipokosekana katika majina matano yaliyopelekwa mbele, sehemu ya wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM waliimba mbele ya mwenyekiti wao, Rais Kikwete, kwamba wana imani na Lowassa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kujitenga na uamuzi. Tarehe 12 Julai John Magufuli aliteuliwa. Kabla mwezi haujaisha Lowassa alikuwa Chadema, na Oktoba alipata asilimia 39.97 dhidi ya 58.46 za Magufuli.

Swali langu ni hili: je, wimbo ule ulimgeuza mpiga kura? Mimi nilikuwa nikiishi Dodoma wakati ule, na kwa siku nyingi, kuanzia vijiweni hadi ofisini, ulizungumzwa kuliko hotuba yoyote ya kampeni.

Mleta uzi

Mkuu wa Area D, umeleta mfano ambao ningekuwa mvivu kama ningeuacha. Naona wimbo ule ulifanya mambo mawili. Uliwaonyesha wananchi kwamba ndani ya chama tawala kuna mgawanyiko wa kweli, na ulimpa Lowassa uhalali wa kuondoka akiwa na watu nyuma yake. Lakini aliyempigia kura Lowassa Oktoba hakufanya hivyo kwa sababu ya wimbo. Wafuasi wake walikuwapo tangu zamani, na vyama vya upinzani vilivyoungana kwa jina la UKAWA vilileta mtaji wao wa kura uliokwisha kujengwa. Wimbo uliwaambia watu hao kwamba njia moja imefungwa.

Tazama pia mwelekeo wa muda mrefu. Nchimbi, mmoja wa wale watatu, alikuja kuwa Katibu Mkuu wa CCM Januari 2024, na Januari 2025, katika mkutano mkuu uliofanyika hapahapa mjini, akatangazwa kuwa mgombea mwenza. Mtu aliyepinga kutoka ndani, kwa sauti iliyosikika na bila kumtukana yeyote, alibaki na nafasi.

Mchangiaji wa nne (Chang'ombe)

Kwa kuwa tumefika nyumbani, nawakumbusha Julai 2016. Polisi walikuwa wamezuia mikutano ya hadhara na maandamano ya vyama tangu Juni, na Baraza la Vijana la Chadema likatangaza kwamba vijana wake watakuja Dodoma kuzuia mkutano mkuu maalumu wa CCM wa tarehe 23 Julai, kwa hoja kwamba zuio liwe la wote. Uongozi wa juu wa Chadema uliwazuia vijana wake, na mkutano ukafanyika kwa utulivu. Kwa maoni yangu hoja ya vijana ilikuwa na nguvu sana kisheria, kwa sababu ibara ya 20 ya Katiba, inayohusu uhuru wa kukusanyika, haijakitaja chama kimoja tu kwamba ndicho chenye haki hiyo. Je, mleta uzi, ungewashauri waje?

Mleta uzi

Ndugu, hoja yao naiheshimu bila kusita. Zuio la upande mmoja ni dhuluma, na mtu akinyamaza mbele ya dhuluma kwa kuogopa kuonekana mkorofi huwa amewaachia wengine mzigo wake. Lakini uliniuliza kuhusu shauri, na shauri langu lingekuwa kwamba wasije kwa lengo la kuuzuia mkutano. Aliyekuja kuzuia kikao cha wenzake, hata kama ana haki, humpa mtazamaji wa Manyoni au Kondoa nafasi ya kujiuliza lile swali la Chicago, yaani ni nani anayeharibu utulivu, na swali la haki likapotea papo hapo. Kama wangetoa taarifa polisi saa 48 kabla kama sheria inavyotaka, wakaomba kusimama Nyerere Square na bango moja linalouliza kwa nini wengine wamezuiwa, wangekataliwa, na kukataliwa kule kungekuwa ushahidi ambao kila mtu angeuelewa.

Nakumbuka pia tarehe 24 Januari 2024, Chadema walipoandamana Dar es Salaam kwa amani huku polisi wakiwasindikiza. Siku ile habari zilihusu madai yao ya katiba mpya na gharama za maisha, kwa sababu hapakuwa na fujo ya kuandika.

Mchangiaji wa tano (Kongwa)

Mleta uzi, nadhani unaipuuza njia moja. Kuna utafiti unaojulikana wa maandamano ya Tea Party, vuguvugu la wahafidhina wa Marekani waliopinga kodi na matumizi makubwa ya serikali, ya tarehe 15 Aprili 2009. Watafiti walilinganisha miji iliyopata mvua siku ile na miji iliyokuwa mikavu. Kulikokuwa kukavu watu walijitokeza wengi zaidi, na katika uchaguzi wa 2010 Republican walipata kura nyingi zaidi huko. Mvua haichagui chama, kwa hiyo tofauti ile ilitokana na maandamano yenyewe. Basi maandamano huongeza kura.

Mleta uzi

Utafiti huo naukubali kabisa. Swali ni njia ambayo kura hizo zilipitia. Waliojitokeza siku ile waliandikishana majina, wakakutana tena, wakachangishana fedha, wakawatembelea majirani. Maandamano yaliwajenga walioandamana, nao ndio waliowafikia wapiga kura, tena kwa kuwa yalifanyika katika mamia ya miji, kila mtu kwao.

Maandamano ya mkutano mkuu hayana sifa hiyo. Waandamanaji hukusanyika mji mmoja kutoka majimbo mengi, wanalala siku nne, kisha wanapanda mabasi na kurudi. Jirani wa mwandamanaji yuko mbali na hakuona kitu isipokuwa sekunde 20 za habari. Fikiria vijana 500 kutoka mikoa 20 wakija Dodoma kwa siku tatu, na wale 500 wakibaki kila mmoja katika kata yake akizungumza na watu wanaomjua kwa jina. Kwa upande wa kura, sina shaka ni lipi litakalozaa zaidi.

Mchangiaji wa kwanza (Kisasa)

Ninarudi na swali la mwisho. Agosti 2024 Democratic walirudi Chicago, katika ukumbi wa United Center, na maelfu waliandamana kwa ajili ya Gaza. Novemba Kamala Harris alishindwa. Wapo wanaosema historia ya 1968 ilijirudia. Unasemaje?

Mleta uzi

Siafiki. Mwaka 2024 waandamanaji wachache walivunja sehemu ya uzio, watu kadhaa wakakamatwa, lakini mkutano uliendelea na mtazamaji wa kawaida hakuona picha kama zile za Hilton. Donald Trump alishinda kwa asilimia 49.8 dhidi ya 48.3, na katika mahojiano ya wapiga kura bei za bidhaa na hali ya uchumi zilitajwa mara nyingi sana.

Mahali ambapo Gaza ilionekana wazi katika kura ni Michigan, na huko uamuzi ulianza mapema zaidi. Februari, katika kura za maoni za Democratic, zaidi ya watu 100,000 wa jimbo hilo walichagua kwenye karatasi ya kura nafasi ya wasioamua, ili kumwonya Rais Biden. Novemba Trump alishinda jimbo hilo kwa kura 80,000 hivi, na katika mji wa Dearborn, wenye wakazi wengi wenye asili ya Kiarabu, Harris alipata asilimia kama 36 tu. Sidai kwamba wale 100,000 ndio hao waliomkosesha jimbo, kwa sababu wengi wao huenda walirudi. Ninasema kwamba kama kulikuwa na mgeuko, ulifanyika misikitini, sebuleni na katika vituo vya kura vya Februari, miezi sita kabla ya mtu yeyote kubeba bango nje ya United Center.

Kuna tukio moja la mkutano ule ambalo kwangu ni zito kuliko maandamano yote ya nje. Wajumbe wa kundi hilo la wasioamua, ambao walikuwa na vitambulisho na haki ya kukaa ukumbini, waliomba Mmarekani mmoja mwenye asili ya Palestina apewe dakika chache jukwaani, na wakampendekeza Ruwa Romman, mbunge wa jimbo la Georgia. Walipokataliwa walikaa chini nje ya ukumbi usiku kucha. Hawakuvunja kitu wala kumzuia mtu kuingia. Waliomba jambo dogo linaloeleweka, kwa chama chao wenyewe, na chama kikakataa, kama kilivyowapa watu wa Fannie Lou Hamer viti viwili. Kwa hiyo kabla sijasema kama walishindwa au la, nitasubiri kanuni za mkutano wa 2028 zitakapotoka, na nitatafuta humo kama kundi dogo la wajumbe waliochaguliwa kihalali limepewa njia ya kudai muda wa kuzungumza bila kutegemea hisani ya mgombea.